Kutega na kutegua king'ora: Sekunde 30 zinazoweza kuamua malipo ya bima

WAFANYABIASHARA wengi wanaolaza mzigo nyumbani huifahamu bei ya king'ora kabla ya kufahamu namna kinavyotegwa. Fundi akishamaliza kupitisha waya huandika namba nne kwenye kipande cha karatasi, hubonyeza vitufe mara mbili mbele ya mwenye nyumba, hupokea fedha zake na kuondoka. Kuanzia hapo usalama wa mali iliyomo ndani unategemea iwapo mtu wa mwisho kutoka atakumbuka kubonyeza vitufe hivyo.

Kwa mwenye mtaji wa kuzungusha, hilo si jambo dogo. Simu, vitenge au vipuri vya pikipiki vilivyolazwa chumba cha nyuma ndiyo mtaji wenyewe, na mara nyingi sehemu yake ni mkopo wa benki au mali kauli. Mzigo ukiibwa, riba haisimami wala mwenye mali hasubiri.

Wengi hutegemea bima iwafidie. Lakini mkataba wa bima ya wizi unaweza kuwa na sharti kwamba king'ora kitegwe kila nyumba inapoachwa bila mtu. Na ndani ya kisanduku kilekile kilichofungwa ukutani, mitambo mingi ya sasa huhifadhi kumbukumbu ya tarehe na saa kila kinapotegwa na kuteguliwa, pamoja na namba ya aliyefanya hivyo. Siku ya kudai fidia, kumbukumbu hiyo inaweza kuwa shahidi wa mwenye nyumba au shahidi wa kampuni ya bima.

Kinavyofanya kazi

Biashara ya ving'ora ni kongwe kuliko biashara ya simu. Augustus Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya king'ora cha umeme mwaka 1853. Edwin Holmes akainunua haki hiyo mwaka 1857 na kuifanya biashara. Kampuni ya ADT, ambayo jina lake bado liko sokoni, ilianza mwaka 1874, miaka miwili kabla ya Bell kupata hataza ya simu.

Mtambo wa nyumbani wa leo una sehemu chache tu. Mlangoni na madirishani hufungwa swichi za sumaku, vipande viwili vinavyokaa karibu. Mlango ukifunguliwa vinaachana na kisanduku kikuu kinapata taarifa. Vyumbani huwekwa vihisi vya mwendo, ambavyo hutambua badiliko la joto pale mwili wa mtu unapopita mbele yake. Kisanduku kikuu hupokea taarifa zote, honi hupiga kelele, na laini ya simu hupeleka ujumbe kwa mwenye nyumba au chumba cha uangalizi cha kampuni ya ulinzi. Karibu na mlango hukaa kibao cha namba. Hicho ndicho sehemu ya mtambo ambayo familia inaigusa kila siku.

Vihisi huona wakati wote, hata mchana watoto wakicheza sebuleni. Kutega maana yake ni kukiambia kisanduku kuanzia sasa kichukulie mwendo kuwa ni wizi. Kutegua ni kukiambia kiache. Mwizi anayejua kutegua hana haja ya kukata waya.

Kutoka nyumbani

Kabla ya kutega, milango na madirisha yote yenye vihisi hufungwa. Taa ya kibao, ambayo aghalabu ni ya kijani, huonyesha kuwa mtambo uko tayari. Mtu huingiza namba ya siri, huchagua aina ya kutega, na mlio wa taratibu huanza kuhesabu muda wa kutoka, ambao kwa kawaida ni kati ya sekunde 30 na 60. Atoke kwa mlango uliopangiwa muda huo. Akikumbuka simu na kurudi chumbani huku mlio umeshakwisha, majirani watapata habari.

Taa isipowaka kijani, dirisha fulani liko wazi. Hapo ndipo kosa la haraka hufanyika. Mitambo mingi inaruhusu kuliruka eneo lenye tatizo na kutega sehemu iliyobaki. Mwenye haraka huliruka dirisha la jikoni na kwenda zake sokoni, akiamini nyumba imetegwa. Kwa kweli ameacha wazi dirisha moja ambalo kisanduku kimeagizwa kulipuuza, na kumbukumbu imeandika kuwa yeye ndiye aliyeagiza.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na halionekani kirahisi. Mitambo ya nyumbani huwa na namna mbili za kutega. Ya kwanza ni kutega kamili, ambapo vihisi vyote vinafanya kazi. Hii ni kwa nyumba isiyo na mtu. Ya pili ni kutega kwa usiku, ambapo milango na madirisha vinalindwa lakini vihisi vya mwendo vya ndani vinalazwa, ili mtoto anayekwenda chooni saa 9 usiku asiamshe mtaa.

Mtu akiondoka huku ametega kwa usiku, nyumba inaonekana imetegwa. Taa ni nyekundu, mlio umehesabu, na hata ujumbe wa simu umekuja. Lakini mwizi anayefunua bati na kutoboa dari hapiti mlangoni wala dirishani. Anashuka chumba cha mzigo na kukaa humo atakavyo mpaka atakapofungua mlango kutoka. Kwa nyumba zetu za bati na dari ya mbao, vihisi vya mwendo ndivyo vinavyobeba kazi kubwa, na ndivyo vinavyozimwa kwa kitufe kimoja kisicho sahihi.

Fundi asiondoke kabla kila mwenye namba ya siri hajatega kwa namna zote mbili kwa mkono wake mwenyewe.

Kurudi nyumbani

Mlango wa kuingilia ukifunguliwa, kisanduku hakilii papo hapo. Hutoa mlio wa kukumbusha na kuhesabu muda wa kuingia. Namba ya siri ikiingizwa sawasawa kabla muda haujaisha, mtambo umeteguliwa. Ikikosewa, honi inalia na ujumbe unatumwa.

Urefu wa muda huo ni suala ambalo Ulaya na Marekani wamelitazama kutoka pande tofauti. Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 kinaweka kikomo cha juu cha sekunde 45, kwa hoja kwamba mwizi asipewe nafasi. Kiwango cha Marekani cha CP-01 kinaweka kikomo cha chini cha sekunde 30, kwa hoja kwamba mwenye nyumba akiharakishwa atakosea na kuliza honi bure. Kwa nyumba ya kawaida, sekunde 30 hadi 45 zinaridhisha pande zote mbili. Mwenye kuomba dakika mbili ili aingize kwanza mizigo kutoka kwenye gari anampa mwizi aliyevunja mlango huo huo dakika mbili za kukitafuta kisanduku.

Honi ikilia kwa bahati mbaya, kuizima si mwisho. Chumba cha uangalizi kina taarifa ya wizi na huenda gari la walinzi limeshatoka. Mwenye nyumba apige simu na kutaja neno la utambulisho alilokubaliana na kampuni. Neno hilo ni tofauti na namba ya siri, na namba ya siri haitajwi kwenye simu kwa mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni wa kampuni.

Kelele za bure

Huko Marekani, mwongozo uliotolewa kwa ajili ya polisi ulikadiria kuwa kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya ving'ora ni ya bure. Jiji la Salt Lake City lilichoka, na tangu mwaka 2000 polisi wake hawaendi kwenye king'ora cha wizi mpaka kwanza pawe na mtu aliyethibitisha. Uingereza, nyumba inayotoa miito mitatu ya bure ndani ya miezi 12 huondolewa kwenye orodha ya zile ambazo polisi huzikimbilia.

Kwetu gharama hiyo huja kwa njia nyingine. Anayeitika kwanza si polisi bali ni kampuni ya ulinzi, na baadhi ya mikataba hutoza safari za bure zikizidi idadi fulani kwa mwezi. Kifungu hicho hukaa nyuma ya mkataba na inafaa kisomwe kabla ya kusaini. Majirani nao huzoea. Honi inayolia mara tatu kwa wiki kwa sababu ya paka au pazia lililopigwa na upepo wa feni haimtoi mtu kitandani.

Gharama kubwa kuliko zote ni kwamba mwenye nyumba mwenyewe huchoka. Anaanza kuacha kutega siku za wageni, kisha mwishoni mwa wiki, kisha mtambo unabaki pambo la ukuta ambalo ada yake ya mwezi inaendelea kulipwa. Kihisi kinacholiza bure kisogezwe au kibadilishwe na fundi wiki hiyo hiyo. Ni kazi ya saa moja.

Nani ana namba

Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Hiyo inaonekana mingi, lakini watu hawachagui kwa bahati nasibu. Uchambuzi uliotolewa na DataGenetics mwaka 2012 kutoka kwenye namba za siri zilizovuja ulionyesha kuwa karibu asilimia 11 zilikuwa 1234. Miaka ya kuzaliwa nayo hupendwa sana. Vitufe vinne vikichakaa kuliko vingine kwa kubonyezwa kila siku, anayeviona amebakiwa na michanganyiko 24 tu ya kujaribu. Namba ibadilishwe mara kwa mara na kibao kifutwe.

Tatizo la kawaida zaidi ni namba moja kutumiwa na watu sita. Baba, mama, kijana wa dukani, msichana wa kazi, dereva na shemeji aliyekuja kwa wiki mbili wote wanabonyeza namba ileile. Siku mtu akiteguliwa mtambo saa 8 usiku na mzigo ukatoweka, kumbukumbu inasema tu kwamba namba ya nyumba ilitumika. Mitambo mingi inaruhusu kila mtu kuwa na namba yake bila gharama ya ziada. Hapo kumbukumbu inasema ni mtumiaji namba 3, na anayeacha kazi jioni namba yake inafutwa jioni hiyo hiyo bila kuwasumbua wengine.

Ipo pia namba ya fundi, ambayo hufungua mipangilio yote. Ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, yeyote aliyesoma kijitabu cha mtambo huo anaifahamu.

Baadhi ya mitambo ina namba ya shinikizo. Mfanyabiashara anayerudi na mauzo akakutwa getini na watu wenye silaha, huingiza namba hiyo. Mtambo unateguliwa kama kawaida, honi haipigi kelele, lakini chumba cha uangalizi kinapata ujumbe wa siri. Inafaa ijaribiwe kwa makubaliano na kampuni, na ajue kuitumia yule anayerudi nyumbani kwanza, ambaye si lazima awe mwenye fedha.

Rimoti za kubonyeza zina raha yake, ila zile za bei ya chini hutuma ishara ileile kila mara, na ishara hiyo inaweza kunaswa na kunakiliwa kwa kifaa kidogo. Muuzaji aulizwe kama rimoti hubadilisha ishara kila inapotumika. Asipoelewa swali, jibu limepatikana.

Umeme na laini

Mtambo uliotegwa umeme ukakatika hutegemea betri. Iliyo ya kawaida kwenye visanduku vya nyumbani ni ya volti 12 na saa-ampea 7. Mtambo unaotumia robo ampea utaishi juu ya betri mpya kwa saa 28 kwa hesabu ya karatasi. Betri ya miaka minne, iliyochoshwa na joto na kukatika kwa umeme, haifiki hapo. Waliopitia migao ya mwaka 2006 na 2011 hawahitaji kuelezwa. Jaribio ni rahisi: zima swichi kuu mchana, subiri saa chache, kisha liza honi. Honi ikififia, betri ibadilishwe.

Laini ya simu iliyomo ndani ya kisanduku husahaulika kabisa. Ikikosa salio haitumi ujumbe. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini, na laini iliyonunuliwa na fundi kwa jina lake iko mikononi mwa fundi. Mwenye mali aisajili kwa jina lake, na awe na utaratibu wa kuiwekea salio kama anavyonunua luku.

Mbele ya mtathmini

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mfanyabiashara ana mzigo wa Sh. 24,000,000 nyumbani. Analipa uangalizi Sh. 60,000 kwa mwezi, yaani Sh. 720,000 kwa mwaka, na bima Sh. 240,000. Jumla ni Sh. 960,000 kwa mwaka. Iwapo anatega siku tano kati ya saba, takriban Sh. 274,000 kila mwaka analipia siku ambazo hakuna king'ora kinachomlinda. Hilo ni pengo dogo. Kubwa ni Sh. 24,000,000 endapo mwizi atakuja katika siku mbili zilizobaki.

Msingi wa zamani wa sheria ya bima ya Uingereza, uliowekwa na Sheria ya Bima za Majini ya mwaka 1906, ulikuwa mkali: sharti la dhamana lililokiukwa liliiondolea kampuni wajibu, hata kama ukiukaji haukusababisha hasara. Waingereza wenyewe waliulegeza kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Sasa kampuni ya huko haiwezi kukataa kulipa kama ukiukaji haungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Mabadiliko hayo ni ya Uingereza, na mkataba wa Dar es Salaam hausomwi kwa sheria hiyo. Na hata huko hayamsaidii sana aliyeacha kutega kisha akaibiwa, kwa kuwa king'ora kilikuwa ni cha kuzuia wizi huo huo.

Yapo mambo mengine mawili ambayo wenye mzigo nyumbani hugundua kwa kuchelewa. Kwanza, bima ya kawaida ya nyumba kwa kawaida hulipia samani na vyombo, si mali ya biashara. Televisheni italipwa na katoni 40 za simu zitabaki hasara ya mwenyewe. Mzigo utajwe katika mkataba kwa thamani yake. Pili, bima ya wizi wa kuvunja hudai alama za kuvunja. Mtu aliyepewa namba, akategua, akafungua kwa ufunguo na kupakia mzigo, hakuacha alama.

Hapo kumbukumbu ya kisanduku ndipo inapopata thamani, mradi saa yake iwe sahihi. Baadhi ya mitambo ikiishiwa umeme na betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na kumbukumbu inaanza kuandika matukio ya mwaka ambao nyumba haijajengwa. Ipo pia hitilafu ya kwetu wenyewe. Kisanduku huandika 20:00. Mwenye nyumba hujaza fomu ya madai kwamba alitega saa 2 usiku. Msomaji wa fomu aliyezoea saa za Kiingereza huielewa kuwa ni saa 8 usiku, na tayari karatasi mbili hazipatani kabla hata ya kuonana. Fomu ijazwe kwa saa za kisanduku.

Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kupeleka shauri Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, lakini huko nako ataulizwa mkataba unasemaje.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa kabla ya kulipa ada ya kwanza ni la maneno machache: je, nyumba inahesabiwa kuwa haina mtu pale ambapo msichana wa kazi amelala ndani peke yake, au mlinzi yuko getini? Kama jibu ni ndiyo, king'ora kinapaswa kutegwa hata wakati huo, na lazima ijulikane ni kwa namna ipi kati ya zile mbili. Jibu hilo litakiwe kwa barua yenye saini na mhuri, libanwe pamoja na mkataba, na nakala yake isihifadhiwe katika nyumba hiyo hiyo.